Herufi Moja Iliyozidi

12 Januari

Kaka yangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo? Mgongo unasemaje, au bado unatembea kama mtu aliyemeza fimbo? Sisi huku wazima. Baba anakula vizuri, analala vizuri, anagombana na redio vizuri. Macho ndiyo yale yale. Daktari ameshasema tusiyangoje tena, na baba amemjibu kwamba yeye aliacha kuyangoja zamani, ni sisi tu tunaomchelewesha. Mimi nina mafua na hasira.

Hasira ndiyo iliyonikalisha chini nikuandikie barua nzima, maana kwenye simu kila ninachosema unajibu "sawa, sawa", hata nikikwambia nyumba inaungua.

Wiki iliyopita tumemlilia mjomba, na mjomba hajafa. Ilikuwa hivi. Baba amekaa uani, simu mfukoni, Msomaji anamsomea ujumbe. Msomaji unamkumbuka, wewe ndiye uliyempa jina kabla hujaondoka: ile programu yangu inayosoma kwa sauti kila kinachoingia kwenye simu, kwa ajili ya baba na wenzake wasioona. Basi ukaingia ujumbe wa mke wa mjomba. Msomaji akaanza, kwa sauti yangu ile ile niliyoirekodi: "Shemeji, mzee wangu amefari". Halafu kimya. Baba akaigonga simu, akaitikisa, wapi.

Akapiga ukelele. Majirani wakaja, viti vikaazimwa, mshona nguo wa mlango wa pili akalia kuliko sote na hata hamjui mjomba. Mimi nikampigia mke wa mjomba kumpa pole, akadhani namtania. Mwishowe akapiga mjomba mwenyewe, kafura, anauliza ni nani aliyemuua. Kumbe ujumbe ulikuwa unasema: mzee wangu amefarijika sana na shuka mlizotuletea.

Amefarijika! Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Baba akasema sasa amepata mwenzake wa kuacha maneno njiani. Unajua mji mzima bado unamwita Mzee Bila, tangu alipomchorea daktari wa meno kile kibao akakosa nafasi, kikatoka TUNANG'OA MENO BILA, na "maumivu" yakabaki kwenye kopo la rangi.

Lakini baada ya kucheka nikaanza kujiuliza. Msomaji alikuwa hajawahi kukatika. Ameanza tangu simu za kampuni yenu zilipojisasisha mwezi uliopita, na sasa anakatika kwa karibu kila mtu, kila siku, katikati ya neno. Na toleo hilo hilo jipya ndilo lililokuja na msomaji wa kampuni yenyewe, ambaye anasema Kiswahili kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, lakini hakatiki hata mara moja.

Chama cha wasioona kitakaa mwezi wa nne kuamua wanachama wote watumie msomaji gani. Wakimwacha wangu, basi, kwisha, na miaka yangu yote imekwenda na maji. Wewe uko humo ndani. Niambie ukweli: wanafanya makusudi?

Mdogo wako

20 Januari

Mdogo wangu mpenzi,

Barua yako imenikuta salama. Mgongo unavumilika. Mpe baba shikamoo yangu, na mjomba mpe pole ya kufa. Nilicheka ofisini peke yangu mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaniletea maji.

Sasa hilo la makusudi. Usikimbilie kuona njama, mdogo wangu. Mimi ni mtu wa maneno tu humu. Nakaa kwenye safu ya watafsiri, natia maneno ya simu katika Kiswahili, washa, zima, hifadhi, jaribu tena, kutwa nzima. Jinsi programu zinavyokwenda sijui. Hata hivyo kwa ajili yako nilishuka ghorofa ya chini, nikamuuliza mhandisi mmoja muungwana ambaye huwa tunakula pamoja. Akasema simu za sasa zinasimamisha programu yoyote inayofanya kazi wakati kioo kimezimwa, kama simu haiitambui. Ni kulinda chaji, akasema. Nikamuuliza, na msomaji wetu je? Naye si anasoma kioo kikiwa kimezimwa? Akasema huyo simu inamtambua. Inamtambuaje? Kwa sababu ni wetu, akasema, akaendelea kula.

Nilirudi juu nikiwa sijui nimejibiwa au nimefukuzwa. Ukiliangalia jibu lake upande huu ni jambo la akili kabisa: nyumba yangu, watu wangu nawajua. Ukiligeuza kidogo ni uonevu mtupu. Nimeligeuza na kuligeuza mpaka limenichosha. Na yeye si mtu mbaya, nakuapia, mwezi jana alinisaidia kuhamisha kitanda.

Lakini simu haiwezi kusimamisha kitu bila kusema lolote. Baba haoni, wewe unaona. Angalia kioo Msomaji akikatika, uniandikie kinachotokea neno kwa neno, nikifuatilie.

Kaka yako

23 Januari

Kaka,

Hujambo, sijambo, baba hajambo, na mjomba anasema bado yuko hai.

Ndiyo, linatokea onyo. Kila Msomaji anapokatwa, kioo kinawaka chenyewe na kuandika hivi, na alama nyekundu pembeni:

PROGRAMU ISIYOAMINIKA. Imesimamishwa. Ungependa kuifuta?

Chini yake vitufe viwili, Futa na Baadaye. Hilo ndilo linalonimaliza kuliko huko kukatika. Maana wasioona hawalioni. Wanaoliona ni watoto wao. Anakuja binti wa mtu kumtembelea mama yake, anaona simu imeandika isiyoaminika, anabonyeza Futa, na ni nani atakayemlaumu? Hata mimi ningefuta. Sasa kutwa napigiwa simu: ati programu yako inaiba? Ati inasikiliza mambo ya watu? Yule mzee fundi saa, ambaye naye macho yamemfifia, aliyekuwa ananiita mwanangu, siku hizi ananiita "wewe binti".

Baba alikuwa hajui. Juzi mshona nguo kachukua simu yake amtafutie namba, akakuta onyo, akalisoma kwa sauti yake ile ya kuita watu sokoni. Baba akauliza, isiyoaminika nini? Akaambiwa, hii programu ya binti yako. Chai ikapoa mkononi mwake. Baadaye akaniuliza polepole, "Nani ameiambia simu kwamba wewe huaminiki?"

Nikamwambia ni mashine tu, baba, hakuna mtu.

Akasema, "Mimi nimechora vibao maisha yangu yote, sijaona kibao kilichojichora. Yuko mtu kakaa kitini akaliandika neno hilo. Kaka yako yuko huko, mwambie amtafute."

Basi nakuambia. Mtafute huyo mtu. Sitaki ugomvi naye, nataka tu kumuuliza alikuwa ana maana gani.

Mdogo wako

2 Machi

Kaka,

U hali gani? Nauliza kwa dhati, maana sijui kama unapumua. Tangu nilipokuandikia lile onyo, kimya kama maji mtungini. Nikipiga simu hupokei, nikituma ujumbe unajibu "nipo kikaoni". Kikao gani hicho kisichoisha? Mnajenga nchi?

Baba ana kikohozi kidogo, si cha kutisha. Mafua yangu yamepona, hasira imepata watoto.

Nimeshahangaika mpaka nimechoka. Nimeivunja programu nzima nikaijenga upya, imekatwa. Nimeipunguzia kazi isile chaji nyingi, imekatwa. Kwenye mipangilio ya simu nimezima hilo zuio lao. Siku ya kwanza Msomaji akasoma kama zamani, baba akafurahi, kesho yake asubuhi zuio limejiwasha lenyewe. Nikawaandikia kampuni kuomba Msomaji atambuliwe. Wakajibu, kwa adabu kweli kweli, kwamba programu hutambuliwa ikishatumiwa na watu wengi. Nikawauliza, watu wengi wataitumiaje kama simu inawaambia waifute? Wakajibu: asante kwa maoni yako.

Halafu kuna simu ya fundi saa. Ni ya aina ile ile, toleo lile lile, kainunua duka lile lile na ya baba. Kwake Msomaji hajakatika hata siku moja. Hata onyo lenyewe analisikia kwa watu tu, na bado ananinunia. Nimeikagua simu yake ndani nje sioni kitu. Sasa nieleze wewe. Kama wanafanya makusudi, mbona hii wameisahau? Na kama si makusudi, mbona zote nyingine? Nikiwaza kwamba ni njama najiona mwendawazimu, nikiwaza kwamba si njama najiona mjinga. Kichwa kinaniuma pande zote mbili.

Baba anasema nikuache, una kazi. Mimi nasema wamekufunga mdomo. Au umeshakuwa wao, kaka? Kama umeshakuwa wao niambie tu, nijue nabaki na nani.

Kikao cha chama kinakaribia.

Mdogo wako

9 Machi

Mdogo wangu,

Kikohozi cha baba kimepungua? Asikae uani jioni kukiwa na upepo. Mimi sina ugonjwa, ila usingizi umenikimbia na chakula kimekuwa kama karatasi.

Yule mtu uliyeniambia nimtafute nilimpata siku ile ile, kabla sijamaliza kusoma sentensi yako. Ni mimi.

Ngoja nikueleze, halafu unitukane. Maneno tunaletewa mstari mmoja mmoja, na hatuambiwi yatatokea wapi. Kila mstari una kisanduku chake, na kisanduku kina mwisho: ukizidisha hata herufi moja kinageuka chekundu na hakikubali kuondoka. Mstari ule ulikuwa unasema programu ambayo simu bado haijaitambua. Si mbaya, si mwizi, haijatambuliwa tu. Nikaandika "Programu isiyojulikana". Kikawa chekundu. Herufi moja ilizidi. Nikajaribu "isiyofahamika", ni yale yale. Nikaandika "isiyoaminika", kikageuka kijani, nikaenda mstari unaofuata. Ilikuwa karibu na saa ya chakula na njaa inauma. Sikuwaza lolote. Sikujua ni onyo, sikujua litawekewa alama nyekundu, sikujua ni wewe.

Nimepekua lugha nyingine zote. Wenzangu wote wameandika isiyojulikana, kila mmoja kwa lugha yake. Ni Kiswahili peke yake kinachosema haiaminiki. Kwa hiyo ulipoanza kunipigia niliiacha simu ilie, maana aliyekuchafua jina ni kaka yako.

Lakini pia, mdogo wangu, si mimi niliyesema wa kwetu atambuliwe kwa sababu ni wa kwetu. Hapo ndipo ninapopotea. Kosa langu limekaa juu ya kitu kingine, na hicho cha chini sijui kama nacho ni kosa. Nimemuuliza mhandisi kuhusu ile simu ya fundi saa. Akakuna kichwa, akasema hata yeye haelewi.

Neno nitaomba libadilishwe, si kazi kubwa. Tafuta na wewe lingine linaloingia kwenye kisanduku, mimi akili imeganda. Nakuomba jambo moja tu: usimwambie baba.

Kaka yako

11 Machi

Kaka,

Hujambo. Baba kikohozi kimekwisha.

Nimesoma barua yako, nikatoka nje, nikarudi, nikaisoma tena. Nilitaka kukutukana nikakuta nacheka, halafu nikakuta nalia, na mpaka sasa sijui nimekwama wapi kati ya hayo mawili.

Ngeni.

Programu ngeni. Herufi tano, kaka, na nafasi inabaki ya kupumulia. Wewe mwenye Kiswahili chako cha kulipwa, umekosa kuiona ngeni?

Wapelekee leo, ibadilishwe kabla ya kikao. Baba sijamwambia. Kila siku ananiuliza kama yule mtu ameshapatikana, na mimi namwambia bado, na sipendi kumwambia bado.

Mdogo wako

6 Aprili

Mdogo wangu,

Habari za siku nyingi? Mnaendeleaje wote? Mimi nipo, ila sijui nikwambie nipo vipi.

Ngeni niliwapelekea siku ile ile. Kimya. Nikapeleka tena, kimya. Juzi nikaitwa kwenye kile chumba cha vioo ambacho watu wa safu yetu huwa tunakiona kwa nje tu. Nikamkuta mkuu wetu na watu wengine nisiowajua, wamechangamka. Mkuu akanipa mkono: "Hongera!" Nikasema asante, hongera ya nini? Akanionyesha mchoro ukutani, una mistari ya rangi, kila lugha na mstari wake, na Kiswahili kimepaa juu kuliko zote. Nilifurahi kwanza, nakuambia ukweli. Ndipo nikauliza, kimepaa kwa nini? Kwa watu wanaobonyeza Futa. Wanaosoma Kiswahili wanafuta programu za nje kuliko watu wa lugha nyingine yoyote, na wakishafuta wanahamia kwenye zetu. Wakataka kujua nimetumia neno gani, ili wenzangu wa lugha nyingine nao watafute la namna hiyo.

Nikawaambia lile neno ni kosa. Nikawaeleza kisanduku, herufi iliyozidi, njaa, yote. Nikawaambia neno sahihi nimeshaleta, ni ngeni. Mkuu akauliza, maana yake hasa nini? Na mimi kwa ujinga wangu wa kupenda maneno nikamwaga yote: kwamba ni kitu ambacho hujakizoea, kwamba ni ndugu yake mgeni, na mgeni ni mtu unayemkaribisha ndani ukampa kiti.

Mkuu akasema, "Basi halifai. Hatutaki waikaribishe."

Wakacheka wote. Akasema, "Natania." Wakacheka tena. Na mimi nikacheka, mdogo wangu, Mungu anisamehe, nilicheka nao.

Tangu siku hiyo najiuliza alikuwa anatania alipolisema lile la kwanza au lile la pili. Hakuna aliyetoa amri. Hakuna aliyesema tuwazibie watu njia. Tuliongea mambo mengine, tukaagana, na neno likabaki pale pale. Uliniuliza mwezi wa kwanza kama wanafanya makusudi. Nimekuwa ndani ya chumba chenyewe, nimewaona nyuso, na siwezi kukujibu. Nilipoliandika lilikuwa kosa, hilo nakuapia. Sasa wamejua ni kosa na wamelipenda. Likishafika hapo linaitwaje? Wewe unajua?

Nimemwandikia mwenyekiti wa chama. Nimeweka jina langu na kazi yangu, nimeeleza neno lilivyoingia na kwamba programu yako haina ubaya wowote. Nimemwomba aisomee kikao chote. Ikijulikana huku huenda nikamwaga unga, basi na umwagike. Baba ni mwanachama, atakuwepo, atasikia kwamba yule mtu ni mimi. Nilikuomba usimwambie. Sasa acha asikie.

Wewe nikuombe nini sijui. Niandikie tu hata mstari mmoja.

Kaka yako

2 Mei

Mwanangu,

Marahaba, maana najua shikamoo imeshakutoka ulipoona huu si mwandiko wa dada yako. Anayeandika ni mshona nguo wa mlango wa pili. Mimi nasema, yeye anaandika, na makosa yote ni yake. Amekataa kuandika hilo, nimemwambia liandike. Mimi mzima kabisa. Mjomba wako mzima. Wewe unakula? Hata kama chakula ni karatasi, itafune.

Dada yako hajakuandikia na sijui atakuandikia lini. Kompyuta ameifunika kwa kanga, anashinda kwa fundi saa anamshikia vikoleo. Wamepatana, wamekaa wawili hawasemi. Nikimuuliza neno ananiambia "sawa, sawa", kama wewe.

Kikao kilikuwa hivi. Ukumbi ulijaa. Mwenyekiti aliweka simu yake mezani, akasema kuna barua kutoka kwa mtu wa kampuni, tutulie. Msomaji akaanza, kwa sauti ya dada yako. Akasoma salamu. Akasoma jina lako, na kazi yako ya kubana maneno kwenye visanduku. Nikajivuta mbele kwenye kiti, nikamgusa mwenzangu nikamwambia huyo ni wangu. Sauti ikasema: "Lile neno simu zenu zinaloandika ni mimi niliyeliandika, na nililiandika kwa mak". Ikakatika.

Ulikuwa moto. Hawa wanasema makusudi, hawa wanasema makosa, na mmoja huko nyuma anapiga kelele kwamba ni "kwa makini", sijui alitoka wapi. Mwenyekiti anaipapasa simu, hajui amebonyeza wapi, nasikia alibonyeza Futa. Katibu wetu, ambaye anaona kidogo, akachukua ile simu aimalizie barua, lakini ukumbi ulishachafuka, kila mtu ana lake. Mimi nilishatoka nje, nimeshika ukuta.

Kura wakapiga. Wamechukua msomaji wa kampuni. Siwezi kuwalaumu sana, mwanangu, mtu anataka kusikia sentensi mpaka mwisho. Mimi nimebaki na wa dada yako. Ananikatikia, namgoja, tunaendelea.

Jioni ile dada yako alitaka kunisomea iliyobaki. Nikakataa. Huyu anayeandika anaijua, mwenyekiti anaijua, muuza maji anaijua, na kila mmoja nimemkataza kuufungua mdomo. Usidhani nina shaka. Mimi ni baba yako, nakujua tangu hujaota meno, najua neno lenyewe ni lipi. Lakini tangu siku ile nikikaa uani nasikia hiyo mak, mak, mak, na nimeona sitaki kumaliziwa na mtu mwingine. Si kwa sauti ya dada yako, ambaye ndiye aliyeumia, na si kwa sauti ya hiyo kampuni. Naitaka kwa sauti yako.

Wengine wananiambia umeacha kazi, wengine wananiambia umeachishwa, sielewi. Vyovyote iwavyo, sasa una nafasi. Njoo. Usibishe hodi, wewe si mgeni. Pitia kwanza kwa fundi saa, dada yako yuko pale, mwambie neno lolote ila lisiwe sawa sawa. Halafu uje uani, ukae, useme mpaka mwisho. Hapa hakuna kisanduku.

Ni mimi baba yako, nikupendaye

Bila